Jarida Lililozidi Matarajio

Binti yangu alipokuwa Gredi ya Sita, mwalimu wake aliwapa kazi ya kutengeneza jarida la darasa kwa kompyuta. Kurasa mbili tu, habari za muhula, picha wakipenda, na yule ambaye jarida lake lingechaguliwa ndiye angekuwa mhariri wa darasa mwaka mzima. Binti yangu aliutaka uhariri ule. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka hamsini na miwili, nina shahada mbili ukutani, na hakuna mhariri hata mmoja mjini aliyekuwa akinitafuta. Nayasema haya mapema kwa sababu mengine yote yalitoka hapo.

Hakuwa mtoto wa kutaka vyeo. Ukiranja aliwahi kuukataa kwa hoja kwamba kiranja haambiwi kitu na mtu yeyote. Lakini Ijumaa ile aliporudi nyumbani alitoa salamu mlangoni, akavua viatu, na kabla hata ya kuweka mkoba chini akasema, "Baba, hii naitaka."

"Unataka nini?"

"Kuwa mhariri. Kuwa mtu wa kuuliza watu habari zao."

"Hiyo ni kazi ya mwandishi. Mhariri hukata."

"Basi mimi nitauliza, halafu sitakata."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyekanyagwa kidole. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimeandika safu ya kila wiki katika gazeti moja lenye ofisi katikati ya jiji. Insha fupi, mambo madogo madogo: foleni za benki, watu wanaosalimia huku wakitazama simu, bustani za mjini ambazo ni marufuku kukalia. Miezi minane kabla ya Ijumaa ile, kijana mmoja wa sauti laini alinipigia simu akaniambia kwamba gazeti linapumzisha safu kadhaa. Nikamuuliza zitapumzika mpaka lini. Akasema atanirudia. Tangu siku hiyo nikiulizwa nafanya nini, hujibu kwamba nafanyia kazi nyumbani, na nusu ya jibu hilo ni kweli: nipo nyumbani.

Mzazi yeyote wa Nairobi mwenye mtoto katika mtaala huu mpya anajua kazi za shule hufanywaje, ila kwa wasiojua nitaeleza. Mwalimu hutuma kazi kwenye kikundi cha wazazi cha simu. Mtoto atengeneze kinyago cha kufukuzia ndege. Mtoto asuke kamba. Mtoto aunde kiti kwa takataka safi. Kisha wazazi, watu wenye vyeo na shinikizo la damu, huingia kazini. Nimewahi kumkuta jirani yetu, wakili, katika soko la Ngara akiwa na suti na tai, akimbembeleza muuza mayai ampe trei kuukuu. Tuliangaliana mara moja tu. Hatukusalimiana.

Na ili kuhakikisha kwamba kazi ni ya mtoto, mwalimu hudai picha ya ushahidi: mtoto apigwe picha akiifanya, mzazi aitume. Sijui nani aliyebuni jambo hilo, lakini naamini hakuwa na watoto. Jiji zima sasa lina watoto wanaojua kushika brashi kavu kando ya kitu kilichokwisha kupakwa rangi, wakainamisha shingo, wakajifanya kufikiri. Nami nilikuwa nimejiapiza kutofanya upuuzi huo. Kinyago chetu kilikuwa kibaya kuliko vyote darasani, na nilikionea fahari kwa sababu binti yangu alikitengeneza mwenyewe. Ni rahisi mtu kuwa na msimamo juu ya vinyago akiwa hana ndoto yoyote ya kuwa mchonga vinyago.

Jarida lilikuwa kitu kingine.

Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya magharibi, alinionyesha alichoanza. Alikuwa amekaa kwenye kompyuta yangu, mezani pa kulia chakula, miguu ameikunja juu ya kiti. Nilitarajia kuona kichwa cha jarida na mistari ya habari. Nikaona jedwali. Jedwali lililojaza ukurasa mzima, vyumba vyake havilingani, kimoja kina rangi ya waridi na kingine kijani cha kuumiza macho.

"Hili ni nini?"

"Darasa," akasema. "Ukiangalia kutoka juu. Kama wewe ni feni."

Akanielekezea kwa kidole. Hapa juu meza ya mwalimu. Hapa mlango. Hii mistari ya kushoto madirisha. Kila chumba cha jedwali kilikuwa dawati la mtu, na ndani yake habari ya anayekaa hapo, kwa maneno yake mwenyewe. Alikuwa amezunguka darasa zima na daftari wakati wa mapumziko, siku nzima, akiuliza. Wa dirishani alisema kunguru amejenga kiota kwa nyaya na kalamu moja ya darasani. Wa nyuma alisema mama yake amejifungua mapacha na sasa yeye analala sebuleni, na sebule ni nzuri kuliko alivyodhani. Mwingine alisema jino lake la mwisho la utoto limeng'oka kwenye ubuyu na akalimeza. Dawati moja liliandikwa, "Sina habari. Niulize kesho." Lingine halikuwa na kitu, jeupe tupu, na chini yake herufi ndogo: "Alihama muhula wa kwanza. Hatujakaa hapo."

Na dawati lake mwenyewe, la tatu kutoka mlangoni: "Baba yangu ni mwandishi. Akikwama huosha vyombo. Vyombo vyetu ni visafi sana."

"Ni zuri?" akauliza.

Nilimwambia ni zuri. Nikamwambia pia kwamba linahitaji kunyooshwa kidogo. Neno hilo, kunyooshwa, ndilo kijana wa gazetini alilokuwa akilitumia juu ya makala zangu katika mwaka wa mwisho.

"Utaangalia tu pambizo?" akauliza. "Zinanisumbua. Jedwali linatoka nje ya karatasi."

"Nitaangalia pambizo tu."

Jumamosi asubuhi yeye huenda madrasa, na mama yake, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja hapa hapa Parklands, alikuwa zamu. Nikakaa peke yangu na kikombe cha chai. Nikafungua faili. Nikarekebisha pambizo, jambo lililochukua muda mfupi kuliko kukoroga sukari. Jedwali likakaa ndani ya karatasi. Kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Nikasema nisawazishe upana wa vyumba. Nikavisawazisha. Sasa maneno ya mwenye kunguru hayakuenea. Nikayapunguza. Nikaona kwamba rangi ya waridi inapigana na ile ya kijani, nikaziondoa zote mbili. Bila rangi, jedwali lilifanana na ratiba ya mitihani. Nikajiuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama jedwali ndilo umbo linalofaa. Nikaligeuza kuwa maandishi ya kawaida, nikayagawa safu mbili, nikaweka mstari mwembamba katikati. Ewe msomaji, mstari ule ulinifurahisha kuliko kitu chochote tangu gazeti linipumzishe.

Baada ya hapo sikujizuia. Nikachagua fonti ya kichwa yenye heshima, ile yenye vijiguu. Nikaweka herufi kubwa ya kuanzia, iliyozama mistari mitatu, kama magazeti ya zamani. Nikaandika tahariri, maneno mia mbili, juu ya thamani ya kusikilizana darasani. Ilikuwa na sentensi moja nzuri kweli, hata leo siikani. Kunguru nikamfanya habari ya ukurasa wa kwanza. Mapacha nikawapeleka kwenye kona niliyoiita Pongezi. Jino nikalifuta, kwa kuwa halikufaa. Asiye na habari sikuwa na pa kumweka. Dawati tupu lilikuwa linapoteza nafasi. Na ile habari ya baba anayeosha vyombo niliiondoa nikijiambia kwamba mwandishi mzuri hajitaji mwenyewe, mimi niliyejitaja kila wiki kwa miaka kumi na moja.

Adhuhuri iliadhiniwa, nikabonyeza kuhifadhi. Nilihifadhi kwa jina lile lile, juu ya faili lile lile. Haikunijia kwamba kulikuwa na kitu cha kutunza.

Aliporudi, bado amevaa buibui lake la madrasa, nilimwita kwa shangwe. Aliliangalia jarida kwa muda mrefu. Akateremsha ukurasa, akaupandisha, akauteremsha tena.

"Madawati yako wapi?"

"Yamo. Habari zao zimo. Nimezipanga vizuri zaidi."

"Wa kuniambia niulize kesho yuko wapi?"

"Huyo hakuwa na habari."

"Nilimwuliza jana. Leo ndiyo kesho. Alikuwa anipigie." Akanigeukia. "Yangu iko faili gani?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa maneno mengi, jinsi mtu mwenye shahada mbili anavyoeleza, kwamba faili ni lile lile, kwamba mambo ya kuhifadhi ni hivi na hivi, kwamba nyenzo zote bado anazo katika daftari. Akaniambia daftari lilikuwa la kuazima, amelirudisha kwa mwenyewe asubuhi hiyo madrasa. Akasema, "Si ulisema pambizo tu?"

"Hebu tazama ulivyo na kitu cha kushinda," nikasema. "Unataka kuwa mhariri au hutaki?"

Hilo nalijutia kuliko mstari na herufi kubwa na vyote vingine. Kwa sababu alitaka. Nilimwona akipima. Kazi ilitakiwa Jumapili saa kumi, jarida lake halikuwapo tena, na hapa palikuwa na jarida. Akavua buibui akaenda kula.

Jumapili alasiri ikabaki picha ya ushahidi. Nilimwambia akae kwenye kompyuta, aweke vidole juu ya kibodi. Nikamwambia asogeze kichwa ili skrini ionekane. Mama yake alikuwa anakunja nguo kwenye kochi, ametulia.

"Tabasamu kidogo," nikasema.

"Mtu anayeandika hatabasamu," akasema binti yangu. "Wewe hutabasamu ukiandika?"

"Wewe bwana," akasema mke wangu, bila kuinua macho kutoka kwenye shuka, "si ukae wewe hapo, yeye akupige picha? Itakuwa ya kweli na utatoka vizuri."

"Nimemsaidia tu."

"Naona. Mimi nikimsaidia mgonjwa namna hiyo, huitwa kwenye kikao cha nidhamu."

Nikapiga picha. Vidole vyake viko juu ya herufi, shingo imeinama, amejifanya kufikiri. Nikaituma.

Jumatano jioni alirudi akasema, "Nimekuwa mhariri," kwa sauti ambayo mtu huitumia kusema mvua imeacha. Jarida lilipewa alama ya kuzidi matarajio, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Mwalimu aliliweka kwenye kikundi cha wazazi pamoja na ile picha, na simu yangu ikatetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani. Makofi, nyota, vikombe vya dhahabu. Mzazi mmoja aliandika, "Huyu mtoto amekomaa! Hiyo tahariri imenigusa." Nilisoma ujumbe huo mara nne. Mwaka mzima wa mwisho wa safu yangu sikupokea barua hata moja ya mtu kusema nimemgusa.

Wiki tatu zikapita, na nitamtetea binti yangu kwa kusema kwamba aliichukua kazi kwa mikono miwili. Alinunua daftari jipya. Alikuwa akija na habari za darasa jioni, anasimulia tukila, na mama yake anacheka mpaka anaweka kijiko chini. Nilifikiri mambo yamejisahihisha yenyewe. Alikipata alichokitaka, na njia si muhimu. Watu wengi wazima wameishi vizuri juu ya fikra hiyo.

Kisha likaja toleo la pili. Hili lilitakiwa litengenezwe shuleni, katika chumba cha kompyuta, kipindi kimoja, mhariri kwenye mashine na wenzake wakimsomea habari. Hakuniambia siku. Nilijua baadaye kwamba aliingia na daftari lake, akafungua ukurasa mpya, na katika dakika arobaini akalijenga tena lile jedwali, madawati yote, madirisha, mlango, meza ya mwalimu. Darasa lilimzunguka. Walicheka, walisukumana, kila mmoja alitaka kuona dawati lake. Kisha mwalimu akaja nyuma ya kiti akauliza, "Hii ni nini sasa? Ile ya kwanza ulifanyaje?"

Binti yangu hakujibu.

"Umeanza uvivu? Cheo kimekuingia kichwani?"

Hakujibu hilo pia. Angeweza kujibu kwa neno moja, nalo lina herufi nne. Akapewa alama ya kukaribia matarajio, ngazi mbili chini ya ile ya kwanza, na Ijumaa uhariri akapewa msichana mwingine. Haya yote alitusimulia mezani, wali ukipoa, kwa sauti ya kawaida, na mwisho akamwomba mama yake ampitishie kachumbari.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Niseme nini? Picha si ninaonekana mimi?"

Mke wangu aliniangalia. "Jumatatu utaenda shule," akasema. Halikuwa ombi.

Nilikwenda Jumatatu asubuhi, kwa miguu, kama mtu anayekwenda kuhojiwa kazi. Njia nzima nilikuwa napanga kukiri kwangu. Nilitaka kuwe na ucheshi kidogo mwanzoni, kisha ukweli, kisha ombi: amrudishie mtoto uhariri wake. Nilipofika mbele ya hekalu la Wahindu lililo njiani nilikuwa nimeshapata sentensi ya kufungulia, na ilikuwa nzuri mno kwa mtu mwenye haya.

Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho yamechoka, meza imejaa madaftari na picha zilizochapwa za watoto walioshika brashi. "Karibu mzazi," akasema. "Kaa hapo, toa tu hizo vitabu."

Nikaanza. Sikuifikia hata sentensi yangu ya pili.

"Mzazi, najua," akasema. "Ni wewe ulitengeneza."

"Ulijua?"

"Sisi walimu tunajua zote. Mtoto wa miaka kumi na mbili ataandika hivyo kweli? Hata mimi siwezi. Lakini mzazi, mimi nifanyeje? Nikikataa kazi ya wazazi sitabaki na kazi ya kusahihisha. Picha ilikuja, nikaweka alama."

"Basi mrudishie uhariri. Kosa ni langu."

Akashusha pumzi. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mwalimu mkuu alilipenda lile toleo la kwanza. Alikuwa ameweka nakala katika meza ya mapokezi, wazazi wanaokuja kuulizia nafasi wapewe wasome. Sasa alitaka kila toleo lifanane na lile. Na kama yeye mwalimu angeandika rasmi kwamba kazi ilikuwa ya baba, ingebidi iandikwe pia kwamba mtoto alidanganya, kwa sababu aliyeko kwenye picha ni mtoto.

"Lakini nataka kukuuliza," akasema. Akageuza skrini yake upande wangu. "Hii ndiyo alifanya huku. Watoto waliipenda sana, siwezi kudanganya. Hata mimi, nikiisoma nilicheka. Lakini sijui kama ni jarida. Wewe ni mtu wa magazeti. Ukiniambia hii ni sawa, nitaipeleka kwa mwalimu mkuu na kusema mtu wa magazeti ameipitisha. Nitamrudishia. Niambie tu ukweli."

Nikaangalia. Kunguru alikuwa ameangua vifaranga, na mmoja ana kalamu. Mapacha walikuwa wanalia kwa zamu. Yule wa "niulize kesho" alikuwa ameulizwa, na alijaza dawati lake mpaka maneno yakamwagika kwenye dawati la jirani, na jirani ameandika, "Nimemwazima nafasi." Dawati la aliyehama bado lilikuwa jeupe. Na la tatu kutoka mlangoni, dawati la mhariri, lilisema, "Habari za hapa zilifutwa."

Nilikuwa nimesoma na kuandika kwa miaka thelathini. Najua kitu kizuri nikikiona. Niliona kwamba jarida lile lilikuwa hai, kwamba mtoto alikuwa amegundua bila kufundishwa na mtu namna ya kuwaweka watu wote thelathini na kitu kwenye ukurasa mmoja bila kumpandisha yeyote juu ya mwenzake. Niliona pia kwamba nikisema hivyo, nitakuwa nimesema kwamba safu zangu mbili, na mstari wangu mwembamba, na tahariri iliyomgusa mtu, zilikuwa kazi ya mzee anayejipendekeza. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua haraka. Mwalimu alisubiri. Nje watoto walikuwa wanaruka kamba.

"Lina kasoro," nikasema.

"Eeh?"

"Mawazo yapo. Ila mpangilio… Jedwali halilingani. Macho hayajui yaanzie wapi. Lingehitaji kunyooshwa."

"Ndivyo nilifikiri," akasema mwalimu, na nilimwona akipumua, kwa sababu sasa hakuhitaji kwenda popote. "Basi mzazi, si utusaidie? Huyu mhariri mpya anaandika vizuri lakini kupanga hajui, na wazazi wake wako busy. Ungekuwa unatupangia kila toleo. Kama lile la kwanza. Watu wanalipenda sana."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisitasita. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nikamuuliza kurasa zitakuwa ngapi. Nikamwambia kurasa nne zingetupa nafasi ya kupumua, na kwamba najua duka la kuchapishia huko Ngara linalofanya kazi safi. Njiani kurudi nilijiambia kwamba nikiwa ndani nitaweza kumrudisha binti yangu kidogo kidogo, muhula ujao labda, kwanza na makala moja. Hadithi hiyo ilidumu mpaka kwenye kona ya nyumba yetu.

Jioni aliniuliza kabla hajavua viatu.

"Mwalimu alisema nini?"

"Alisema haiwezekani kwa sasa. Mwalimu mkuu ana mambo yake."

"Alikuonyesha yangu?"

"Alinionyesha."

"Ukasema nini?"

Mama yake alikuwa ametoka jikoni na kusimama mlangoni, mikono ina unga. Ningeweza kudanganya. Lakini mwalimu angemwambia, au darasa lingemwambia, na zaidi ya hayo nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe. "Nilisema linahitaji kunyooshwa," nikasema. "Na nimekubali kuwasaidia kupanga matoleo mengine. Yule mwenzako ataandika, mimi nitapanga."

Hakulia. Nilijiandaa kwa kilio, nilikuwa na maneno ya kilio. Aliketi chini akafungua kamba za viatu, kimoja, cha pili, akavipanga ukutani.

"Basi andika jina lako," akasema. "Kwenye mhariri. Usiandike la mtoto wa mtu."

Akapita katikati yetu akaenda chumbani. Mke wangu akarudi jikoni. Nilisikia chapati ikipigwa chini kwa nguvu isiyohitajika.

Toleo la pili, badala ya lile lake, lilitoka baada ya wiki mbili. Kurasa nne, safu mbili, mstari mwembamba. Nilikwenda mwenyewe Ngara kuchukua nakala, nikasimama dukani nikizinusa. Mahali pa mhariri niliandika jina la yule msichana, kwa sababu shule ndivyo ilivyotaka, na kwa sababu jina langu mahali pale lingeonekana kama lilivyo. Kikundi cha wazazi kilipiga makofi tena. Niliyahesabu, kisha nikajifanya sikuyahesabu.

Kila mtoto alipewa nakala ya kupeleka nyumbani. Alasiri hiyo binti yangu alirudi, akasalimu, akaomba chai, akafungua kitabu cha hesabu. Baadaye kidogo simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa ni mwalimu: "Mzazi, mtoto amesahau nakala yake kwenye dawati. Nitampa kesho."

Nilimwangalia akigawanya na kuzidisha, penseli mdomoni. Hajawahi kusahau kitu maishani mwake, mtoto huyu. Mpaka leo anakumbuka rangi ya soksi alizovaa siku ya kwanza ya chekechea. Nikamjibu mwalimu, "Asante, hakuna haraka." Kisha nikachukua nakala yangu kutazama ukurasa wa kwanza, nikaona kwamba safu ya kulia imeshuka chini kuliko ya kushoto, kwa unene wa ukucha. Nakala zote zilikuwa zimeshachapwa na kugawiwa. Hata hivyo nikafungua faili, nikairekebisha.